Sahani ya Baraza

Feza, mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mudomo, huku siziandiki, karatasi yenyewe ni kidogo. Niko jikoni kwa Muzungu. Nyama inaokwa ndani ya furu, viazi viko motoni, na mimi nimekaa juu ya sanduku la sabuni nakuandikia na kalamu ya risasi ya Madamu. Akiitafuta akaikosa atanigombeza. Mwache agombeze.

Unajua kwa nini siko nyumbani. Leo ni jioni yako ya mwisho chini ya paa letu. Kesho asubuhi kamyo inayobeba pamba inakuchukua wewe na shangazi yako mpaka kwa mume wako, kule kwenye migodi ya zahabu upande wa Salamabila. Nilimuomba Bwana ruhusa mapema, akakubali vizuri kabisa. Kumbe leo mchana wageni wakatokea kutoka Kabambare, wazungu na wake zao, na Madamu akaja hapa mulangoni akasema, "Saidi, leo hauendi." Basi. Mutoto wangu anafunga mizigo yake, na mimi nawachomea nyama watu nisiowajua. Nimeona uchungu, wallahi. Nimekata vitunguu vingi kuliko vinavyotakiwa, ili Lukogo anayepeleka sahani mezani asiniulize macho yana nini.

Mambo ya kila siku siyaandiki. Shangazi yako amekwisha kukufundisha namna ya kusalimia wakwe na namna ya kukaa na wanawake wa kambi, na akifika huko atarudia tena yote, unamujua. Na habari ya kupika, mimi nikufundishe nini? Sombe yako inashinda ya mama yako, Mungu amurehemu, na mama yako alikuwa anayatwanga majani ya mihogo mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna sherehe gani. Wewe unajua kungojea mawese. Unajua karanga zinaingia saa gani. Bugali yako haina donge hata moja. Tangu ulipokuwa kitoto, mwiko ukikupita urefu, nyumba yetu imekula kwa mukono wako. Hapo ndipo ninapotaka kufika na barua hii, Feza, na ninaogopa kufika.

Kengele. Ngoja nipakue supu.

Nimerudi. Wanaisifu supu, Lukogo anasema. Iwapendeze.

Mama yako alipokufa, Amisi, mudogo wenu, alikuwa ndiyo kwanza anaacha ziwa. Kitenge, anayekufuata wewe, alikuwa anakimbia uchi. Wewe ulikuwa mukubwa wao, lakini ukubwa gani? Meno ya mbele yalikuwa bado yanaota. Shangazi yako alitaka kuwachukua wadogo mpaka Lusangi, nikakataa. Watu wa musikitini wakaniambia nioe, nikakataa vilevile. Nilisema, "Nyumba yangu iko na mupishi. Feza anaweza." Nilisema hivyo mbele ya watu, na kifua changu kikajaa. Watu wakasema lo, Saidi amelea binti! Mimi nikafurahi. Sikujiuliza binti mwenyewe anasema nini. Ulikuwa husemi kitu, ulikuwa unakwenda kuchota maji.

Sasa sikiliza, maana jambo hili ulilijua kama mutoto, na mimi nataka ulijue kama muke wa mutu.

Katika mutaa wetu mwanaume hali ndani. Jua likizama, baada ya kuswali, kila nyumba inatoa sahani yake, na wanaume wanakula pamoja barazani, mikono yote katika sahani zote. Wanawake na watoto wanabaki jikoni. Ndivyo baba yangu alivyokula. Ni jambo zuri, sikatai. Mugeni halali na njaa, na mujane anayeleta mboga tupu anamulisha kijana wake nyama ya jirani. Lakini sahani ile inasoma nyumba yako yote mbele ya watu. Wanaiona tu inapotua, hakuna anayesema, na kila mutu amekwisha kujua.

Ule mwaka wa vita vya wazungu, Serikali iliwatuma wanaume wote porini kutafuta utomvu wa mupira. Shabani jirani yetu alikwenda. Ndugu zangu walikwenda. Walirudi miguu imeoza, mbavu zinahesabika, na mashamba yao yamekuwa majani. Mimi sikwenda. Bwana alisema, "Huyu ni mupishi wangu," akanipa karatasi, nikabaki hapa kukoroga supu. Hakuna mutu aliyenitukana, Feza. Walinipisha tu nafasi barazani, kimyakimya, na kule kunipisha kulinichoma. Nikaona nitalipa haya yangu kwa sahani. Siku moja nikakuita, ulikuwa unachambua mupunga, nikakuambia, "Sahani ya nyumba yetu isinitie haya kwa watu. Inayotoka nje iwe nzuri."

Nilikuambia hivyo kwa ukali. Sisahau namna ulivyosimama wima, ungo mukononi, ukasema, "Ndiyo, Baba."

Na sahani ikawa nzuri! Watu wote walikuwa na njaa, samaki mukavu alikuwa anatafutwa kama dawa, na sahani yetu inatua barazani na ndakala wamejaa juu ya sombe, mafuta yanang'aa. Siku nyingine kuku mumoja mudogo, mapande yake yote, mpaka miguu. Muzee Shabani alikuwa analamba vidole, anasema, "Saidi, huyu binti ana mukono wa mama yake. Atakayemuoa amepata." Mimi nacheka, nasema kula, ndugu yangu, kula, iko nyingi.

Iko nyingi! Mimi, Feza. Mimi ninayeweza kuangalia sufuria ya Madamu nikamwambia, hii inatosha wageni wangapi na kesho itabaki supu ya nani. Kazi yangu yote ni kujua chungu kimejaa kiasi gani. Na nilichokuwa naleta nyumbani nilikuwa nakileta kwa mukono wangu mwenyewe, najua udogo wake. Sikujiuliza hata mara moja: kama vyote viko hapa nje, huko ndani wanakula nini?

Nilikuwa nauliza, ndiyo. Nikirudi kutoka barazani nasimama mulangoni nasema, "Mumekula?" Na wewe unaitika kutoka gizani, "Tumekula, Baba." Nalala.

Kengele tena. Nyama inakwenda.

Lukogo ameivunja sahani moja ya Madamu na sasa analia pale nje. Nimemuambia nitasema ni mimi. Kesho nitagombezwa kwa kalamu na kwa sahani, basi mara moja tu.

Amisi alianza kunyamaza. Unakumbuka alivyokuwa na kelele? Akaacha kukimbia, akawa anakaa pale kwenye kizingiti, miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi ya vumbi la barabara. Mimi nikasema ni minyoo. Nikamupa dawa ya majani, nikamutafutia muzee wa kumusomea. Kisha nikamupeleka dispensari, na yule muuguzi mweusi akamubonyeza muguu, akamushika nywele, akaniambia taratibu, "Baba, mutoto huyu hapati samaki wala nyama wala maharagwe. Anakula bugali tupu." Nilimukasirikia sana. Nilipandisha sauti mpaka wagonjwa wakageuka. "Mimi ni mupishi wa Bwana! Nyumba yangu inakula kuliko yako!" Nikamubeba Amisi, tukatoka.

Lakini neno lile lilikaa ndani yangu. Siku moja Bwana alikuwa amesafiri, nikatoka kazini jua bado juu, nikapita nyuma, kwenye migomba, sikubisha hodi. Nikakukuta umechutama jikoni, mugongo kwangu. Sahani ya baraza ilikuwa imekwisha kupangwa vizuri, imefunikwa na jani. Na wewe ulikuwa umetia maji ya moto ndani ya chungu kilichopikiwa samaki, unayazungusha ili yashike harufu, unawamiminia wadogo zako kwenye bakuli. Kitenge alikuwa anachovya bugali katika maji yale. Amisi ulimulisha wewe kwa vidole. Wewe mwenyewe hukula.

Nikanyosha mukono kwenye ile sahani. Ukageuka ukanishika mukono, ukaniambia kama mutu mukubwa anavyomuambia mutoto, "Hiyo ni ya baraza, Baba. Usiiguse, utaiharibu."

Feza, sehemu inayokuja hujawahi kuisikia kwangu, ingawa uliiona kwa macho yako. Nilipaswa kuifunua sahani ile palepale, nimuweke Amisi mapajani, nimulishe mpaka ashibe. Lakini nje kulikuwa kumekwisha kusikika sauti za watu wanakuja barazani. Shabani aliita, "Saidi, umerudi mapema leo, lete basi!" Na mimi nikaichukua sahani nikatoka nayo. Nilikwisha kuona, nikatoka nayo. Nikakaa, nikala, nikacheka kidogo pale walipocheka. Nilijiambia kesho nitatengeneza mambo. Samaki walikuwa watamu. Mpaka leo ndakala wakipikwa vizuri siwezi kuwala.

Kesho yake nilitengeneza, ndiyo. Nilileta mayai, nilileta maziwa ya Madamu ndani ya chupa ya mafuta, Mungu anisamehe na hayo. Amisi alikuwa hawezi tena kumeza. Tulimuzika kabla mupunga haujavunwa.

Ningekuwa nimekosea tu hapo, labda ningekuwa nimekwisha kukuambia zamani. Lakini kuna musiba wenyewe. Wanawake walijaa nyumbani, unakumbuka, wameketi juu ya mikeka, na mumoja wao akasema kwa sauti ambayo hakuishusha, "Ndivyo inavyokuwa, kumuachia mutoto chungu. Hajui kulisha." Mwingine akasema, "Maskini, amemumaliza mudogo wake bila kujua." Ulikuwa unapita na maji ya kunawa. Ulisikia. Mimi nilikuwa kwenye mulango, nikasikia pia, na macho yetu yakakutana. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ningesema, "Ni mimi niliyeagiza." Nikaangalia chini.

Nikakuachia wewe uubebe. Mutoto ambaye meno yake yalikuwa bado yanaota.

Tangu siku ile sikula tena barazani. Watu walinicheka, wakasema Saidi amekuwa muke, anakaa jikoni na binti yake kunusa moshi. Wacheke. Nilitaka kukaa pale chungu kinapofunuliwa, nione nani anapata nini. Kitenge ameota mwili, unamuona, ana shingo ya ng'ombe. Lakini wewe! Nikiingia unapakua, unampa Kitenge, unanipa mimi, kisha unageuka kuangalia moto. "Wewe je?" "Nitakula, Baba." Na kweli unakula, hukukonda, sisemi hivyo. Unakula baadaye, nyuma ya nyumba, umesimama, unakwangua chungu kwa kidole. Mimi nasikia tu kwangua, kwangua. Miaka yote hii sijakuona hata siku moja umekaa mbele ya chakula ulichokipika mwenyewe.

Nilijua sababu, nikafanya kama sijui. Ramazani alipokuja kukuposa niliwaza, vizuri, atakwenda mbali, ataanza upya. Kisha juzi nikakusikia unamuuliza shangazi yako, "Huko kambini wanaume wanakula nje?" Shangazi akasema ndiyo, Ramazani na ndugu zake wanakula pamoja mbele ya nyumba, kila muke analeta. Ukasema, "Basi najua." Ulisema kwa sauti ileile ya "Ndiyo, Baba." Nilitoka nje nikakaa gizani.

Kambini kampuni inagawa posho, unga, maharagwe, samaki mukavu, mawese, kila mufanyakazi na fungu lake. Ndugu za Ramazani watataka kuona sahani ya muke mupya, na wewe utataka waione. Siwezi kukuambia usiitoe. Ukikataa kuitoa watakuchukia, na mimi siko huko kukusaidia. Itoe. Iwe nzuri. Lakini ninakuomba, mama, usiifunike kwa jani kabla wewe hujaketi ukala. Ukipata watoto, wape wao kwanza, na samaki, si harufu ya samaki. Kitakachobaki ndicho kiende nje. Kikiwa kidogo waache wakione kidogo. Wakisema nyumba ya Ramazani ni maskini, waseme. Mimi nilikuwa na sahani nzuri kuliko wote mutaani, na unajua ilinigharimu nani.

Na Ramazani akisimama mulangoni akauliza, "Mumekula?", usimuitikie kutoka gizani. Muite aingie aone. Nimemuambia na yeye, uso kwa uso, siku aliyoleta mahari. Alinitazama kama mutu asiyeelewa muzee huyu anataka nini. Ni kijana muzuri, ataelewa.

Amisi hukumumaliza wewe. Naandika hivi wazi ili ukiwa peke yako huko, na sauti za wale wanawake zikirudi, uwe na maneno yangu mukononi. Ulikuwa mutoto unayetii. Aliyeagiza ni mimi, na aliyeona akatoka na sahani ni mimi. Nitakwenda kwa yule mama aliyesema vile, yuko hai, anauza mihogo sokoni, na nitamuambia mbele ya watu wake. Nimechelewa, najua. Sikuandikii ili unisamehe. Ukinisamehe nitashukuru, usiponisamehe una haki, na nitaendelea kumulisha Kitenge.

Wageni wamekwisha kunywa kahawa. Madamu amekuja hapa, ameitazama kalamu, amenitazama usoni, ameondoka bila kunigombeza. Ajabu. Basi nimalize.

Nikifika nyumbani mutakuwa mumelala. Barua hii nitaisukuma ndani ya kitunga chako, chini kabisa, kati ya vitenge, uikute ukiwa mbali, maana kwa mudomo siwezi, nimejaribu. Kisha sitalala. Nina kuku nimemununua, yuko amefungwa nyuma ya migomba, na nina muchele mupya wa Kasongo, ule mweupe unaoupenda. Alfajiri moto nitauwasha mimi. Nitapika kwa namna ya mama yako, si ya Madamu. Utaamka usikie moshi, utakuja mbio kunipokonya mwiko, najua, na mimi nitakataa. Nitakuwekea kile kibao cha kukalia cha mama yako karibu na moto, nitakupakulia paja na maini, na mimi nitakaa mbele yako, mikono mitupu, mpaka kamyo ipige honi.

Wewe unayesoma sasa, huko njiani, asubuhi ile imekwisha kupita. Unajua kama uliketi. Unajua kama ulikula mbele yangu au uligeuka kuangalia moto. Mimi bado niko hapa juu ya sanduku la sabuni, nakausha sahani za watu, sijui.

Kula, mwanangu.

Baba yako,
Saidi